Gari la umeme safarini: uulize ramani ya gari, ya simu, au zote mbili?

Ukiwasha Nissan Leaf iliyoshushwa Kilindini juzi, skrini hukusalimu kwa Kijapani. Gusa kitufe cha ramani: ama utaonyeshwa mitaa ya Japani, ama gari litadai kadi ya ramani iliyochomolewa kabla halijapandishwa melini. Hapo ndipo wengi wetu tunapobandika simu kwenye dashibodi na kuona mambo yamekwisha. Kwa safari za mjini, kweli yamekwisha. Taabu huja siku unapotaka kwenda mbali, Nairobi hadi Mombasa au Dar hadi Dodoma. Siku hiyo unatambua kuwa simu inaijua barabara yote lakini haijui kama betri yako itafika.

Aliyenunua gari jipya ana swali la upande wa pili. Ramani ya gari lake iko hai na inampigia hesabu ya chaji hadi mlangoni, lakini jioni inamtumbukiza kwenye foleni ya Mlolongo huku simu yake ikijua njia iliyo wazi. Aisikilize ipi?

Mimi naendesha Leaf ya betri ya uniti 40. Uniti ni hizi hizi unazonunua kwa tokeni nyumbani, kwani uniti moja ndiyo kilowatisaa moja. Shemeji yangu ana gari jipya la Kichina ambalo ramani yake inafanya kazi. Tumeongozana njia ya Mombasa zaidi ya mara moja, kila mtu na ramani yake, tukilinganisha kila tunaposimama. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona pande zote mbili.

Tunapima nini

Kwa gari la petroli, ramani tunaitaka njia na muda tu. Kwa gari la umeme mimi huiuliza maswali matano. Nitafika na asilimia ngapi? Kituo inachonionyesha kipo, kinawaka, na plagi yake inaingia kwenye gari langu? Inaijua barabara ya leo? Mtandao ukikatika itanisaidia? Na inaniacha nitazame mbele?

Machaguo ni matatu: ramani ya gari peke yake, simu peke yake, au zote mbili pamoja. Nitakaa zaidi kwenye maswali mawili ya kwanza, maana ndiyo yanayowakwamisha watu kando ya barabara.

Nitafika na asilimia ngapi?

Tuanze na ile namba ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi ya Leaf. Watu huiamini kama geji ya mafuta, lakini namba hiyo hutazama nyuma. Inachukua jinsi ulivyoendesha muda mfupi uliopita na kukadiria kuwa utaendelea vivyo hivyo. Ukiteremka kutoka Limuru kuja mjini kwa mguu mwepesi, inapanda badala ya kushuka, na ukifika chini inakuahidi kilomita ambazo barabara kuu haitakupa. Mimi nilishaacha kuitazama. Natazama asilimia.

Kisha kuna mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Leaf yenye watu wawili na mizigo yao ina uzito wa karibu tani 1.7. Kuupandisha uzito huo kutoka Mombasa hadi Nairobi, mbali na kazi ya kukata upepo na kuzungusha matairi, kunataka kama uniti 8. Kwa betri ya uniti 40, sehemu moja ya tano imekwenda kwa mlima peke yake. Unaposhuka gari hurudisha kiasi kwenye betri kila unapoachia kanyagio, lakini halirudishi yote. Sasa fungua Google Maps au Waze: utaandikiwa takriban kilomita 480 za kwenda na kilomita zile zile za kurudi, kana kwamba safari ni moja. Kwa betri ni safari mbili tofauti kabisa.

Hapa ramani hai ya gari ina nguvu ambayo simu ya kawaida haina. Inajua asilimia iliyopo sasa hivi, inajua gari linakula kiasi gani, inajua milima iliyo mbele, na inajua kama kiyoyozi kimewashwa. Safari moja shemeji aliandikiwa pale Emali kwamba angefika Voi na asilimia 31. Upepo wa mbele ulipoanza, namba ikashuka hadi 27 kabla hatujafika Kibwezi. Akapunguza mwendo, ikatulia. Mimi nyuma yake nilikuwa napiga hesabu hiyo hiyo kichwani.

Lakini si kila ramani ya gari jipya inafanya hivyo. Nyingine huonyesha njia tu, na magari mengine yanategemea simu uliyounganisha. Kabla ya kulipa, keti kwenye kiti cha dereva pale pale kwa muuzaji, andika safari ndefu, uone kama skrini inakupa asilimia ya kufikia. Isipokupa, ihesabu kama ramani ya kawaida. Magari yaliyojengwa na mfumo wa Google ndani yake, kuanzia Polestar 2 ya mwaka 2020, hufanya hesabu hiyo kwa Google Maps yenyewe, kwa sababu humo ramani inasoma betri moja kwa moja.

Mwenye Leaf ya Kijapani asikate tamaa. Kuna programu ya simu iitwayo A Better Routeplanner, iliyoanzia Sweden. Unachagua gari lako, unaandika asilimia ya kuanzia, mwendo, mzigo, na kiasi betri ilivyochakaa, nayo inahesabu pamoja na mwinuko. Kipengele cha uchakavu ndicho wengi wanachokiruka, na ndicho kinacholeta aibu njiani. Kenya huruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo halijazidi miaka 8, kwa hiyo Leaf nyingi tunazonunua zimeshafanya kazi miaka kadhaa kwa wenyewe wa kwanza. Tazama vibao vidogo pembeni mwa geji ya chaji. Betri nzima ina vibao 12. Ukitaka kujua kwa undani, nunua kifaa kidogo cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari, cha kuchomeka chini ya usukani, uweke programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonyesha betri imebaki na asilimia ngapi ya uzima wake, pamoja na joto lake.

Joto hilo lizingatie sana. Betri ya Leaf kama yangu haipozwi kwa maji. Ukitoka kwenye chaji ya haraka, ukakimbia kwenye jua la Tsavo, kisha ukachomeka tena chaji ya haraka, ya pili itakuwa ya polepole kwa sababu gari linajilinda. Mpango wa simu unaweza kukuandikia dakika 40 nawe ukakaa saa nzima na zaidi.

Kituo kipo, na plagi inaingia?

Mara ya kwanza nilipokwenda Mombasa na Leaf, simu ilinionyesha alama ya chaji kwenye hoteli moja mbele ya Makindu. Nilifika nikiwa na asilimia 14. Mlinzi alikuja dirishani, akaitazama pua ya gari, akasema, "Mashine hiyo, mama, ilizimwa kabla ya Krismasi. Fundi bado hajaja." Ilikuwa mwezi wa Machi. Meneja alinifungulia soketi ya kawaida ya pini tatu nyuma ya jiko, nikakaa saa sita. Soketi kama hiyo kwa waya wangu hutoa kama uniti 2.3 kwa saa, kwa hiyo nilipata uniti 14 hivi, za kilomita 90. Niliondoka jua limeshaegemea, nikaendesha kilomita 70 kwa saa hadi kituo kilichofuata, malori yakinipita.

Ramani ya gari isingeniokoa. Tulipolinganisha baadaye, gari la shemeji nalo lilikuwa linaonyesha mashine ile ile kama iko tayari. Mtu huingiza kituo kwenye orodha siku kinapofunguliwa, na siku kinapokufa hakuna anayerudi kukifuta.

Katika swali hili simu ina faida moja kubwa: watu. Programu ya PlugShare inaonyesha maoni ya madereva waliofika mahali, pamoja na tarehe. Kituo chenye maoni ya wiki iliyopita nakipa uzito. Kisicho na maoni kwa mwaka mzima nakihesabu kuwa hakipo, hata kama alama yake inang'aa. Ukichaji mahali, andika neno moja hapo, kwani anayekuja nyuma yako anakutegemea.

Usisahau kuchuja kwa plagi. Leaf ya Japani ina matundu mawili puani: CHAdeMO kwa chaji ya haraka na Type 1 kwa ya polepole. Magari mengi ya soko la Ulaya hutumia CCS2, na yaliyoundwa kwa soko la China hutumia GB/T. Ramani ya gari hujua plagi yake, hivyo mara nyingi huficha vituo visivyofaa. Simu haijui mpaka uiambie kwenye mipangilio. Nimewahi kumwona dereva wa Leaf amesimama mbele ya mashine nzuri ya CCS2, mpya kabisa, isiyoweza kumsaidia kwa lolote.

Baada ya ramani zote, piga simu kituoni. Uliza kama mashine inawaka leo, ina plagi gani, na umeme ukikatika wana jenereta inayoweza kuiendesha. Mimi hupiga nikiwa na asilimia 40, nikiwa bado na nafasi ya kubadili mawazo.

Inaijua barabara ya leo?

Hapa simu iko mbele. Foleni inaonekana kwenye Google Maps na Waze kwa sababu maelfu ya simu ziko barabarani zikituma mwendo wao, na kwenye Waze madereva huripoti ajali, mashimo na barabara iliyofungwa. Ramani nyingi za magari katika nchi zetu hazina wingi huo wa watu. Zinajua barabara kuu vizuri, lakini mchepuko uliofunguliwa mwezi uliopita huenda usiwemo.

Ila simu hutafuta dakika, na dakika si uniti. Gari la umeme likisimama kwenye foleni, mota haili kitu. Kinachokula ni kiyoyozi, taa na redio tu. Kinachomaliza betri ni mwendo, kwa sababu ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, nguvu ya upepo unaoukata inakuwa karibu mara mbili. Kwa hiyo unaporudi Nairobi umebaki na asilimia 12 na simu inakushauri upande barabara ya juu ya kulipia kuanzia Mlolongo ili uokoe dakika 25, fikiri kwanza. Barabara ya chini yenye foleni inaweza kukufikisha na chaji nyingi zaidi kuliko ya juu iliyo wazi. Ile mistari myekundu inayomkera mwenye petroli haina ubaya huo kwa betri yako.

Na njia za mkato za vumbi zikatae ukiwa na chaji ndogo. Kuzunguka kilomita 30 kukwepa lori lililoanguka ni jambo dogo kwa mwenye tangi, lakini kwako ni asilimia 12 au 15.

Mtandao, joto la simu, na macho yako

Hili nitalipita haraka. GPS ya simu haihitaji bando, inahitaji ramani iliyokwisha kupakuliwa. Pakua eneo lote la safari ukiwa nyumbani, maana kati ya Mtito Andei na Voi mtandao huja na kuondoka. Bila mtandao utaiona njia, ila foleni na maoni ya vituo hutayaona, basi piga picha ya skrini yenye majina na namba za vituo kabla ya kuondoka. Ramani ya gari mara nyingi huhifadhiwa ndani ya gari lenyewe, na kwa hilo ni imara zaidi.

Jua pia ni tatizo la simu. Apple huandika kwamba iPhone imekusudiwa kutumika hadi nyuzi joto 35, na dashibodi iliyoanikwa mchana huko Maungu huvuka hapo upesi. Simu hufifisha mwanga, huacha kuchaji, kisha hujizima. Iweke mbele ya tundu la kiyoyozi, chini ya kimo cha kioo. Wanaoogopa kwamba kuchaji simu kutamaliza betri ya gari watulie: simu hula wati 10 hivi, na gari kwenye mwendo wa barabara kuu hula zaidi ya mara elfu moja ya hizo.

Skrini ya gari ni kubwa na ipo pale jicho linapofika kwa urahisi. Simu nayo ina lugha yako. Kiswahili kiliingia Google Maps mwaka 2018, na kwa mzee anayeendeshea familia gari lenye menyu za Kichina au Kijapani, hilo ni jambo kubwa.

Zote mbili pamoja

Kutumia zote mbili kunaleta kazi yake. Sauti mbili zinazopishana kwenye makutano ni hatari, kwa hiyo moja izimwe kabisa. Mimi huiacha simu iseme, na hesabu ya chaji naitazama tu. Kosa jingine ni kuipa kila ramani mwisho tofauti, moja Mombasa, nyingine kituo cha chaji. Zote ziandike kituo kinachofuata, na ukishachaji uandike kingine.

Ukiunganisha simu kwa Android Auto au CarPlay, mifumo inayoileta simu kwenye skrini ya gari, fahamu kwamba katika magari mengi kuanzisha ramani ya simu huzima ile ya gari, na asilimia ya kufikia hupotea nayo. Huku kwetu utapoteza namba tu. Kwa ndugu walio Ulaya na Marekani ya Kaskazini hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu betri baridi haipokei chaji ya haraka ipasavyo. Tesla, kwa mfano, tangu 2019 hupasha betri joto njiani ukiielekeza ramani yake kwenye kituo cha Supercharger, yaani chaji ya haraka ya Tesla yenyewe. Ukifuata simu, gari halina habari kwamba unakwenda kuchaji. Linafika na betri ya baridi, nawe unasubiri kwenye theluji.

Kulingana na hali yako

Kama gari lako halitoki mjini na unachaji nyumbani usiku, simu peke yake inakutosha. Kifaa cha OBD na mipango ya chaji si lazima.

Kama una Leaf ya Kijapani na unakwenda mbali, simu ndiyo ramani yako, lakini usitegemee programu moja. Panga kwa A Better Routeplanner usiku wa kuamkia safari ukiwa umeandika uchakavu wa kweli, hakiki vituo kwa PlugShare, kisha uendeshe kwa Google Maps au Waze.

Kama una gari jipya linalotoa asilimia ya kufikia, iachie ramani ya gari safari ndefu, na simu uiulize foleni unapokaribia mji. Walio Rwanda, ambako magari hupita kulia na Leaf za usukani wa kulia si za kawaida, wengi wako kundi hili. Kigali hadi Rubavu ni kama kilomita 150 za kupanda na kushuka, na hapo hesabu ya mwinuko ina thamani kuliko ya foleni.

Kama unaendesha teksi ya umeme, wakati ni pesa na uko mjini kutwa. Simu iongoze, ila zoea kutazama asilimia kila unapokubali abiria wa mbali, ukihesabu na kurudi.

Kama uko ughaibuni wakati wa baridi, ramani ya gari ibaki imewashwa na imeelekezwa kwenye kituo, hata kama njia unaifuata kwa simu iliyo pembeni.

Na kama unarudi Nairobi kutoka Pwani na Leaf ya uniti 40, usipange kwa kilomita. Ukiondoka Mtito Andei bado una karibu mita 1,000 za kupanda na takriban kilomita 235 mbele yako, kwa hiyo lazima kuwe na kituo kingine kabla ya kufika. Ukisimama Emali, usiondoke na chini ya asilimia 80. Mpigie mtu wa kituo ukiwa Kibwezi.